Ukunda: mji wa njia panda unaolishwa na mashamba

Muulize mgeni kutoka bara Ukunda ni wapi, atakwambia ni pale matatu inapokata kushoto kwenda Diani kwenye mahoteli. Hakosei. Lakini muulize mkulima wa Muhaka, Lukore au Kikoneni swali hilo hilo, utasikia jibu jingine kabisa. Kwake Ukunda ndiko anakouza machungwa yake, anakonunua mbegu na dawa ya wadudu, anakopeleka simu kutengenezwa, anakotoa pesa za karo, na anakopitia akimpeleka mgonjwa Msambweni. Mtalii hupita hapa dakika kumi. Mkulima huja kila wiki, mwaka nenda mwaka rudi.

Makala hii inaueleza mji huo wa pili. Sisi wa pwani ya kusini tumezoea kuisifu Ukunda kwa ufuo wake, tukasahau kwamba mji huu ni soko la eneo zima la wakulima, na kwamba wakati ufuo umetuangusha, mashamba ndiyo yaliyotushika mkono.

Mahali na njia

Ukunda uko takriban kilomita 30 kusini mwa kisiwa cha Mombasa, kando ya barabara kuu ya A14 itokayo Likoni hadi mpaka wa Lunga Lunga. Ukitoka Likoni unapita Ng'ombeni, Waa, Kombani na Tiwi kabla ya kufika. Ukiendelea mbele, unakutana na Gazi, Msambweni, Ramisi, na Kanana ambapo njia ya Shimoni inachepuka. Mwisho ni Lunga Lunga, na ng'ambo ni Horohoro, Tanzania.

Kiutawala, mji huu uko katika eneobunge la Msambweni, lenye wadi nne: Gombato Bongwe, Ukunda, Kinondo na Ramisi. Makao makuu ya kaunti hayako hapa. Yako mji wa Kwale, juu milimani, na njia ya kwenda huko huanzia Kombani. Hii ndiyo sababu mkazi wa Ukunda anayetafuta saini ya afisa wa kaunti hulazimika kurudi nyuma hadi Kombani kisha apande mlima. Mji mkubwa zaidi wa kaunti uko chini, ofisi kuu ziko juu.

Kwa miaka mingi kila kitu kilichotoka huku kwenda Mombasa kilipita feri ya Likoni. Mkulima aliyepakia maembe asubuhi angeweza kuyatazama yakiiva ndani ya lori kwenye foleni. Barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja ya Mwache na Mteza, imebadilisha hesabu hiyo: sasa lori laweza kutoka pwani ya kusini likatokea upande wa Miritini bila kugusa maji ya Likoni. Faida hiyo inafika bara kama inavyofika kwetu, kwani lori linalobeba maembe yetu kwenda ndilo hilo hilo linaloweza kutuletea vitunguu na kabeji kwa bei inayomshinda mkulima wa Muhaka.

Watu wake

Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Kwale kuwa na watu 866,820. Mji wa Ukunda peke yake ulikuwa na zaidi ya 77,000. Maana yake ni kwamba takriban mtu mmoja katika kila kumi na mmoja wa kaunti nzima anaishi katika mji huu, ilhali kaunti ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 8,000 na wadi 20.

Wenyeji wa asili ni Wadigo, mmoja wa makabila tisa ya Mijikenda, ambao makazi yao yanaanzia Likoni na kuvuka mpaka hadi upande wa Tanga. Wengi wao ni Waislamu, na dini hiyo ilienea sana miongoni mwao kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Ijumaa mchana utaona milango ya maduka mengi imeegeshwa. Lakini Uislamu katika ufuo huu ni mkongwe kuliko hapo: Msikiti wa Kongo, pale mto Mwachema unapoingia baharini Diani, umesimama kwa karne kadhaa na hadi leo watu huswali ndani yake. Kusini kidogo, Kaya Kinondo ni mojawapo ya misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008.

Pamoja na Wadigo wapo Waduruma kutoka upande wa Kinango, na Wakamba ambao wengi wao walifika Shimba Hills kupitia mpango wa makazi wa serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950. Wapo Wasegeju na Washirazi wa upande wa Vanga na Shimoni. Wapo pia Wamakonde, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakaishi miongo mingi bila vitambulisho mpaka walipotambuliwa mwaka 2016 kama kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa pwani yetu walifuata mwaka 2023. Ongeza watu wa bara waliofuata kazi za hoteli na biashara, na utaelewa kwa nini sokoni Ukunda unaweza kusikia lugha sita kabla hujamaliza kununua fungu la nyanya.

Mchanganyiko huu haukukaa salama siku zote. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na ghasia zikaenea mpaka huku kwetu. Watu waliuawa, watu wa bara wakakimbia, vijana wa Kidigo nao wakajificha msituni kuwakwepa askari. Malalamiko ya ardhi na ajira yaliyotumiwa kuwachochea vijana wale hayajaisha yote. Tutayarudia.

Mji wenyewe

Kitovu cha Ukunda ni njia panda: barabara kuu inakwenda kusini, nyingine inashuka ufuoni. Hapo ndipo penye steji, benki, maduka ya vifaa vya ujenzi, maduka ya dawa, vinyozi, mafundi wa simu na mama ntilie. Mitaa imetanda pande zote: Mvindeni, Mwakamba, Magutu, Bongwe, Gombato, Kona ya Musa. Uwanja wa ndege mdogo uko katikati ya mji na ufuo, na ndege za kutoka Nairobi hutua hapo zikiwa na wageni ambao hawajawahi kusikia jina Mvindeni.

Ndani ya mitaa, usafiri ni bodaboda na tuktuk. Hizi si za abiria tu. Asubuhi na mapema utaona pikipiki imebeba magunia mawili ya muhogo, mkungu wa ndizi juu yake na mwenye mali nyuma ameng'ang'ania. Bila pikipiki, vijiji vingi vya ndani visingeuza kitu mwezi wa Mei, kwa sababu njia nyingi za mashambani bado ni za udongo, na mvua ya mwaka ikishika lori halipiti.

Sokoni mgawanyo wa kazi unajulikana. Wanawake ndio wauzaji wa rejareja: mboga, nazi, viungo, muhogo, matunda. Mama karanga hununua samaki kutoka Mwaepe, Gazi au Msambweni, wakawakaanga na kuwauza jioni kandokando ya njia. Wanaume wengi wako kwenye uchinjaji, usafirishaji na ujumla. Mbuzi na ng'ombe huja kutoka nyika za Kinango na Lunga Lunga, na wiki ya kabla ya Idi bei yao hupanda kila uchao.

Mashamba yanayolisha mji

Kwale si kaunti moja kwa hali ya hewa. Ukanda wa pwani, kutoka Waa hadi Vanga, hupata mvua ya kutosha. Shimba Hills huwa na unyevu na ubaridi zaidi. Na ukivuka milima kuelekea Kinango na Samburu unaingia nyika kavu ambako mifugo ndiyo tegemeo. Misimu ni miwili: mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba. Ukunda hupokea kutoka kote huko.

Mnazi ndio mti wa kwanza. Hakuna sehemu yake inayotupwa: nazi kwa mchuzi, dafu kwa kiu, makuti kwa paa, makumbi kwa kuni na kamba, shina kwa boriti, ufagio kutoka kwenye kuti. Mkwezi hulipwa kwa idadi ya minazi aliyopanda. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazami: paa za makuti za hoteli za Diani zimeshonwa na akina mama wa vijijini. Kila hoteli inapobadilisha makuti kwa vigae au mabati, kuna nyumba ya mashambani inayopoteza pesa za chumvi na sukari.

Mkorosho ulikuwa benki ya baba zetu. Korosho zilikwenda kiwanda cha Kilifi, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, na mkulima alijua pesa za msimu zitaingia. Kiwanda kile kiliporomoka katika miaka ya 1990, na bei ikaachiwa mabroka. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza korosho ghafi nje ya nchi ili ibanguliwe hapa nyumbani, lakini mikorosho mingi ilikuwa imeshazeeka, mingine imekatwa makaa.

Maembe na machungwa ni mali ya Shimba Hills na vijiji vya jirani. Ngowe, boribo, dodo na epo huiva kuanzia Novemba mpaka Februari, na machungwa hujaa katikati ya mwaka. Tatizo ni kwamba yanaiva kwa wote siku moja. Maembe yakijaa, bei inaanguka hadi mkulima anaona ni nafuu yaoze chini ya mti kuliko kumlipa mchumaji. Machungwa nayo yanakutana na yale ya Muheza yanayovuka mpaka. Serikali ya kaunti ilianza kujenga kiwanda cha kusindika matunda Shimba Hills kwa sababu hiyo hasa, na wakulima wa huko wamekisubiri kwa miaka.

Kuna mrangi, yaani bixa, ambao mbegu zake hutoa rangi nyekundu ya vyakula. Kuna simsim, kunde, pojo, mahindi, muhogo, na mpunga wa upande wa Vanga. Pamba imejaribiwa upya katika miaka ya karibuni. Na wakulima walio karibu na hifadhi ya Shimba Hills wana mshirika wa ziada wasiyemwalika: ndovu, anayeweza kumaliza kazi ya msimu mzima kwa usiku mmoja.

Makampuni makubwa na ahadi zake

Eneo hili limewahi kulishwa na kazi za mishahara, na limewahi kuziona zikiondoka.

Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianza katika miaka ya 1920 na kilifungwa mwaka 1988. Waliokuwa wakifanya kazi pale watakueleza jinsi Ramisi ilivyokuwa na umeme, shule, mpira na sinema wakati Ukunda bado ni vichaka. Kilipofungwa, mji mdogo ulizimika pamoja nacho. Baadaye Kwale International Sugar Company, KISCOL, ilichukua ardhi ile, ikapanda miwa na kujenga kiwanda kipya, lakini safari yake imekuwa na mizozo ya ardhi na baadhi ya wakazi iliyofika mahakamani.

Kisha ikaja Base Titanium. Kampuni hii ya Kiaustralia iliununua mradi wa mchanga wa madini kutoka kwa Tiomin ya Kanada mwaka 2010, na kuanzia 2013 ikachimba ilmenaiti, rutili na zirkoni katika upande wa Maumba na Nguluku. Meli ya kwanza ya madini iliondoka Likoni mwaka 2014. Kwa miaka kumi hivi, vijana wa Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga walivaa buti na kofia ngumu, wakajenga nyumba, wakalipia karo wadogo zao. Uchimbaji ulisimama Disemba 2024. Waliopangisha vyumba vyao wafanyakazi wa mgodi walihisi mara moja.

Na juu ya yote kuna hoteli. Utalii wa Diani ulipanuka katika miaka ya 1970, na ndio uliougeuza Ukunda kutoka kijiji hadi mji. Lakini angalia miaka hii: 1997, ghasia za Likoni, hoteli zikabaki tupu. 2014, onyo la usafiri la Uingereza, ndege za watalii zilizokuwa zikitua Mombasa zikasimama. 2020, korona, mageti yakafungwa na wafanyakazi wakapewa likizo isiyo na mshahara. Kila mara, watu walifanya jambo lile lile: walirudi shambani. Kijana aliyekuwa wa baa au wa bustani ya hoteli alishika jembe la mamake. Muhogo na kunde zilivusha nyumba nyingi mwaka ule wa korona.

Ndiyo maana nasema Ukunda ni mji wa wakulima hata pale wenyewe wanapoona haya kusema hivyo. Hoteli ni mshahara. Shamba ndilo bima.

Maji, afya na masomo

Maji ya Ukunda hutegemea zaidi visima virefu vya Tiwi, ambavyo hulisha Diani pia. Ni jambo la kusikitisha kwamba kaunti yenye chemchemi za Marere, zilizoinywesha Mombasa tangu enzi za ukoloni, bado ina wakazi wanaonunua maji kwa mtungi kutoka kwa mkokoteni. Nyumba nyingi zina visima vyao, na nyumba hizo hizo zina vyoo vya shimo. Ploti zinavyozidi kubanana, kisima cha huyu kinasogea karibu na choo cha yule. Hili ni suala la afya ya umma na linahitaji mpango kabla ya ugonjwa.

Hospitali kubwa ya kaunti iko Msambweni: Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Msambweni, pembeni mwa bahari. Pale pia kuna chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC. Ukunda na Diani zina vituo vya afya vya serikali na hospitali za binafsi, lakini jambo likiwa zito safari ni ya Msambweni au Mombasa. Eneo hili la Msambweni linajulikana pia katika utafiti wa tiba: wanasayansi wamefuatilia kichocho katika vijiji vyake tangu miaka ya 1980, na kituo cha icipe kiko Muhaka kikichunguza wadudu.

Kwa upande wa elimu, kila mtaa una shule ya msingi na madrasa, na watoto wengi huvaa sare mbili kwa siku. Tangu ugatuzi wa 2013, chini ya gavana wa kwanza Salim Mvurya na baadaye Fatuma Achani aliyechaguliwa 2022, kaunti imetumia pesa nyingi kwa basari chini ya mpango wa Elimu ni Sasa. Matunda yake yanaonekana: kuna vijana wa Kikoneni na Mwereni walio vyuo vikuu. Swali ni wakimaliza watarudi wapi. Ni wachache niliowasikia wakisema watarudi kulima, na siwalaumu, maana hawajaona mkulima akitajirika.

Ardhi: jambo ambalo halikwepeki

Huwezi kuandika habari za Ukunda ukaiacha ardhi.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa maili kumi, uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwenye madai alitakiwa kuyapeleka na kuyathibitisha kwa karatasi. Mdigo hakuwa na karatasi. Alikuwa na minazi, makaburi na kaya. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Baada ya uhuru, ploti za ufuoni ziligawanywa kwa watu wenye majina, na Ripoti ya Ndung'u ya 2004 pamoja na ile ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 zote ziliandika juu ya dhuluma za ardhi za pwani. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuzaliwa, kuoa na kuzika wazazi wake mahali pamoja na bado aitwe skwota.

Hiyo ni dhuluma tuliyotendewa. Lakini kuna nyingine tunayojitendea wenyewe.

Kimila, Mdigo alitofautisha ardhi na mti. Mtu aliweza kumiliki minazi iliyosimama katika shamba la mwingine. Na urithi wa zamani ulipita upande wa mama, kwa mpwa. Uislamu ulipoimarika, mirathi ya sheria ikachukua nafasi, kila mtoto na fungu lake, wa kike na wa kiume. Jambo jema. Lakini familia nyingi zilibaki kati ya njia mbili: ardhi haikugawanywa rasmi, hatimiliki imebaki kwa jina la babu aliyefariki, na wajukuu 30 wanaihesabu kuwa yao. Hapo ndipo dalali huingia. Humtafuta mmoja mwenye shida, humpa pesa za haraka, na baada ya miezi michache kuna ukuta wa mawe katikati ya minazi.

Pita leo kutoka Kona ya Musa ukiingia ndani, au kutoka Magutu kuelekea Muhaka, utaona vibao: ploti za hamsini kwa mia. Mikorosho imekatwa, vigingi vimesimamishwa. Aliyeuza alinunua pikipiki, akaoa, akatengeneza paa. Pikipiki ikachakaa. Sasa anapanga chumba Mvindeni na ananunua muhogo sokoni kutoka kwa mtu anayelima mbali zaidi.

Sisemi mji usikue. Watu zaidi ya 77,000 wanahitaji mahali pa kulala, na mwenye mali ana haki ya kuuza mali yake. Nasema mji unaokula shamba linaloulisha utakuwa siku moja ukisubiri lori la bara kwa kila kitu, na siku lori lisipofika, au siku watalii wasipofika, hakutakuwa na mahali pa kurudi.

Yanayowezekana

Mambo haya si ya kungojea miujiza.

Kwanza, mpango wa matumizi ya ardhi. Kaunti ina mamlaka ya kisheria ya kupanga ni wapi nyumba zijengwe na wapi pabaki pa kilimo. Wananchi tuitwe tusomewe ramani kwa Kiswahili, kijiji kwa kijiji, kabla haijapitishwa. Ardhi ya mgodi wa Base nayo isijadiliwe Nairobi peke yake. Watu wa Nguluku na Bwiti wana la kusema.

Pili, soko. Mkulima anahitaji mahali penye kivuli, sakafu safi, mizani ya kweli na chumba cha baridi. Sheria imekataza lumbesa, lakini gunia lenye kilemba juu bado linaondoka mashambani kila siku kwa bei ya gunia moja. Mizani ndiyo dawa yake.

Tatu, hoteli. Nyingi hununua mboga na matunda Kongowea au moja kwa moja kutoka bara, na sababu yao inaeleweka: wanataka kiasi kilekile kila siku, si gunia leo na kesho hakuna. Mkulima mmoja hawezi kutimiza hilo. Chama cha ushirika chenye wanachama mia moja, daftari safi na gari moja kinaweza. Wenye hoteli nao wakae mezani wakiwa na nia ya kununua, maana mgeni anayekula embe la Shimba Hills anakula kitu ambacho hoteli ya nchi nyingine haiwezi kumpa.

Nne, na hili ni letu nyumbani: mirathi. Maulamaa wetu wamehimiza kila siku kwamba mali ya marehemu igawanywe mapema na kwa haki. Kadhi yupo, ofisi ya ardhi ipo. Familia ikikaa chini, ikaandika nani ana nini, ikaweka sehemu isiyouzwa kwa ajili ya chakula na makaburi, dalali hana mlango wa kuingilia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa kwetu imeisha hivyo mara nyingi.

Ramadhani ndiyo inayonionyesha vyema Ukunda ni nini. Kuanzia alasiri njia panda hujaa muhogo, ndizi za mkono, nazi, mbaazi, matikiti na madafu, karibu vyote vimetoka ndani ya safari ya pikipiki moja. Jua likizama, nyumba ya Mvindeni na nyumba ya Muhaka zinafuturu chakula kimoja. Mwaka huu niliuliza muhogo umetoka wapi, mama muuzaji akanitajia kijiji. Nilipomuuliza kama shamba ni lake, alicheka kidogo akasema bado, kwa sasa.